SOMO: Kuitembea Valletta (Malta) kwa miguu kwa siku moja, bila kupanda mlima uleule mara mbili

Wadau, naliandika hili mara moja ili liwe la kurejewa. Kila meli za watalii zikianza kutia nanga Malta, maswali ni yaleyale: nianzie wapi, kanisa linafungwa lini, mzinga unapigwa saa ngapi, magoti yatahimili? Someni hadi mwisho ndipo muulize. Saa zote hapa ni za Kiswahili: saa tatu asubuhi ndiyo 9:00 ya kwenye tiketi.

Kwanza elewa umbo la mji. Valletta imekaa juu ya mgongo wa mwamba uliochomoza baharini, mfano wa ngalawa iliyofudikizwa. Urefu wake ni kama kilomita 1, upana mita 600 hivi. Upande mmoja ipo Bandari Kuu, upande wa pili bandari ya Marsamxett. Barabara ndefu, kama Triq ir-Repubblika na Triq il-Merkanti, zinafuata mgongo kutoka langoni na kushuka taratibu kuelekea ncha ya bahari. Zile za kukata mgongo zinaporomoka pande zote mbili hadi majini, na nyingi ni ngazi tupu. Mtu anayefuata ramani bapa ya simu anajikuta amepanda na kushuka mara nne, na ikifika saa nane mchana hana miguu tena. Mpangilio huu unaanzia juu na kumalizia majini, basi.

Hatua ya 1. Saa mbili na nusu asubuhi uwe kwenye Chemchemi ya Triton, nje ya lango. Mabasi mengi yanaishia hapo. Anayetoka melini afuate ukingo wa bahari hadi lifti ya Barrakka, apande, kisha atembee dakika tano hadi langoni. Lifti hulipiwa kupanda. Kushuka ni bure.

Hatua ya 2. Kabla ya kuingia, simama juu ya daraja la lango utazame chini. Hilo ni handaki lililochongwa ndani ya mwamba. Tazama na pembe za ngome zilizochomoza kushoto na kulia: kila buruji imeelekezwa ili mizinga yake ifagie uso wa buruji jirani, adui asipate pa kujificha chini ya ukuta. Aliyewahi kuingia Fort Jesus ya Mombasa ataitambua hesabu hiyo mara moja. Ile ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, hii ilianza tarehe 28 Machi 1566 kwa ramani ya Francesco Laparelli, na wote wawili ni Waitaliano wa elimu moja ya ngome. Jean de Valette, mkuu wa wapiganaji-watawa wa Mtakatifu Yohane, aliuanzisha mji huu miezi michache tu baada ya kisiwa kuzingirwa na Waosmani mwaka 1565. Lango unalopita leo ni jipya, kazi ya Renzo Piano.

Hatua ya 3. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane. Hapa ndipo siku za watu zinapoharibika, na mimi mwenyewe niliwahi kuikosea hatua hii, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Uwe mlangoni kabla ya saa tatu. Ikifika saa nne makundi ya meli yamejaa, na utaona visogo vya watu badala ya picha. Ukishaingia usianze kuzunguka vikanisa vya pembeni. Nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa sala ulio upande wa kulia, ulipo mchoro wa Caravaggio wa kukatwa kichwa Yohane Mbatizaji, wa mwaka 1608. Ni kazi pekee aliyoitia sahihi, na sahihi yenyewe ameiandika katika damu inayotoka shingoni mwa Yohane. Usogelee uitafute, kisha rudi nyuma hadi ukutani uutazame wote, maana nusu ya kulia ni karibu tupu na utupu huo ndio unaobana moyo. Mwaka huohuo, ndani ya chumba hichohicho, wapiganaji walikutana wakamfukuza Caravaggio katika jumuiya yao. Baada ya hapo rudi kanisani utazame dari ya Mattia Preti, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya jiwe lenyewe.

Maonyo:
– Jumapili ni siku ya ibada. Mtalii haingii kutazama.
– Viatu vya kisigino chembamba haviruhusiwi. Sakafu ni mabamba ya marumaru ya makaburi takriban 400, na kisigino kinayatoboa. Vaa raba.
– Mabega na mapaja yafunikwe. Kitenge kimoja begani kinatosha.
– Usipige picha kwa taa ya mweko.
– Ukiongoza kundi, usihutubie mle ndani. Eleza nje kabla ya kuingia. Kifaa cha maelezo ya sauti kimo ndani ya bei ya tiketi.

Tenga saa moja na nusu. Ukipewa siku yenye muda wa sehemu moja tu, iwe hii.

Hatua ya 4. Kahawa Triq il-Merkanti. Karibu hapo, Triq San Pawl, lipo kanisa la kukumbuka kuvunjikiwa jahazi kwa Mtume Paulo. Malta ndiyo Melita ya Matendo ya Mitume 28.

Hatua ya 5. Mzinga wa saa sita. Saa tano na nusu uwe bustani ya Barrakka ya Juu. Mzinga hupigwa kila siku saa sita mchana na tena saa kumi jioni. Mlio wa saa sita una asili ya kibandari: manahodha waliokuwa wametia nanga waliutumia kusawazisha saa zao za safari, kwa kuwa saa ikikosea, nahodha hukosa kujua yuko wapi baharini. Kutoka ukingo wa bustani unaona bila malipo. Ukitaka kuwa karibu na mizinga yenyewe, shuka ulipe. Ukifika saa sita kasoro dakika tano hutaona kitu, ukingo umeshajaa. Watoto wadogo wazibwe masikio. Ng'ambo ya maji ni ngome ya Mtakatifu Angelo huko Birgu, mji waliokaa wapiganaji kabla ya Valletta, na kando yake Isla na Bormla.

Hatua ya 6. Shuka kwa Triq Sant' Ursola hadi Barrakka ya Chini. Ni ngazi, lakini unashuka.

MUHIMU: mawe ya njia ni chokaa laini iliyosuguliwa na nyayo kwa karne kadhaa. Yakilowa, hata kwa manyunyu, huteleza kama sabuni. Shuka ukifuata ukuta, kanyaga kwa unyayo wote, usishike simu. Soli ya ngozi iliyolika iache nyumbani.

Hatua ya 7. Ngome ya St Elmo, nchani. Ilianguka tarehe 23 Juni 1565 baada ya kupigwa takriban mwezi mzima, na muda huo ndio ulioiokoa Birgu. Ndani ipo makumbusho ya vita, pamoja na Msalaba wa George (George Cross), nishani ambayo kisiwa kizima kilitunukiwa mwaka 1942. Saa moja na nusu.

Hatua ya 8. Usirudi kwa Triq ir-Repubblika, huo ni mlima. Fuata barabara ya kando ya kuta, bahari ikiwa kuliani kwako, hadi gati la Marsamxett, uvuke kwa kivuko kwenda Sliema. Hii si hatua ya kuruka. Mji uliojengwa kama ngome ya bandari huujui mpaka uuone kutoka majini, kama alivyouona aliyekuja kuushambulia. Kaa nyuma ya chombo. Upepo mkali ukivuma, vivuko husimama. Basi ulizia asubuhi.

—— MASWALI ——

Pwani Tupu: Mkuu, mimi nafika Jumapili. Kanisa naingia saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3, onyo la kwanza.

Pwani Tupu: Nimeona. Ila huwezi kuwaomba mlangoni?

Mwandishi: Ukienda kusali, nenda kusali kama waumini wengine. Ukitaka kutazama, badili siku.

Mpiga Picha wa Tanga: Sikubaliani na mpangilio. Bustani ya Barrakka inatakiwa iwe ya kwanza alfajiri, hakuna watu.

Mwandishi: Watu hawapo, kweli. Lakini bustani inatazama kusini-mashariki, na asubuhi jua liko usoni mwa kamera. Birgu na Isla zitatoka vivuli vyeusi. Mwanga mzuri wa ng'ambo ni wa alasiri, jua likiwa mgongoni kwako. Kama unataka picha ya mawio yenyewe, hapo uko sahihi, nenda alfajiri. Ila saa tatu uwe kanisani.

Mama Wawili: Nasafiri na mama mkwe, magoti mabovu, ngazi hawezi kabisa. Tuache?

Mwandishi: Msiache, dada. Apande kwa lifti ya Barrakka. Kutoka hapo hadi kanisa kuu hakuna ngazi za lazima mkifuata Triq il-Merkanti. Msimkatishe barabara za pembeni hata kama ramani inasema ni mkato. Kwenda St Elmo tumieni teksi, na kurudi vilevile. Mkifanya hivyo, anzeni na kanisa saa tatu, kisha bustani, akae kwenye benchi hadi mzinga.

Darasa la Jioni: Swali la nje kidogo. Mji juu ya mwamba, bahari pande tatu, unazingirwa. Walikunywa nini?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Mlima ule hauna chemchemi ya maana. Sheria za ujenzi za wapiganaji zililazimisha kila nyumba iwe na birika lake chini, lililochongwa mwambani, la kukinga mvua ya paa. Jiwe la kulichonga lilitumika kujengea nyumba ileile juu, kwa hiyo kazi moja ilitoa mambo mawili. Mji ulipokua, maji ya mvua hayakutosha, na mwaka 1615 ukakamilika mfereji wa Wignacourt ulioleta maji kutoka upande wa Rabat, magharibi mwa kisiwa. Ukitembea, angalia pia pembe za majengo: sheria hizo zilitaka kila kona ipambwe, ndiyo maana unaona sanamu za watakatifu kila njia panda.

Darasa la Jioni: Asante sana. Na lugha? Nimesikia inafanana na Kiarabu.

Mwandishi: Ni jamaa ya Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, yenye Kiitaliano kingi ndani. Kwetu ni burudani. Bahari ni *baħar*, kanisa ni *knisja*, kitabu ni *ktieb*, soko ni *suq*, dunia ni *dinja*, maskini ni *miskin*. Sita, saba na tisa ni *sitta*, *sebgħa* na *disgħa*. Herufi x isome "sh", basi *xitan* unamjua. Valletta yenyewe wenyeji wanaiita *il-Belt*, yaani Mji, kama watu wa Unguja wanavyosema "naenda mjini".

Kijiti: naweza kuongoza kundi langu mwenyewe nitoze hela

Mwandishi: Hapana. Kuongoza watalii kwa malipo Malta kunahitaji leseni ya mamlaka ya utalii, na waongozaji huvaa beji. Kuwatembeza ndugu zako bila malipo ni jambo jingine.

Mama Wawili: Chakula je? Sisi ni Waislamu.

Mwandishi: Pastizzi (mfano wa sambusa) za jibini au za njegere ziko kila kona, lakini unga wake kwa desturi huweza kukandwa na mafuta ya nguruwe. Uliza kabla ya kununua. Ftira (mkate wa kienyeji) ya samaki jodari ni salama zaidi na inashibisha.

Fundi Umeme Mvita: Nyongeza: adapta msinunue. Soketi za Malta ni za pini tatu bapa kama zetu, na magari yanapita kushoto.

Mwandishi: Sahihi, shukrani. Kwa hiyo mkivuka, tazameni kulia kwanza kama nyumbani.

Mpiga Picha wa Tanga: Zile boti zilizochorwa macho ziko Valletta?

Mwandishi: Zile ni luzzu, nyingi ziko Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi kusini. Basi linatoka pale kwenye chemchemi. Nenda siku nyingine, asubuhi, uzipige kwa mbele: macho yako pande zote mbili za gubeti, kama yalivyokuwa kwenye mitepe ya Lamu.