Tairi za Masika kwa Pikapu ya Umeme: Kuzichagua na Kuzifunga Ukiwa Malindi

Anayengoja hadi Mei ndipo aanze kutafuta tairi mpya amekwisha kuchelewa. Masika ya huku kwetu huanza kuchungulia mwishoni mwa Machi, na ifikapo Mei mvua hunyesha usiku kucha, njia ya Ganda kuelekea Kakuyuni na Jilore hugeuka utelezi mtupu, na kila fundi wa tairi mjini huwa na foleni mlangoni. Mwenye pikapu ya umeme ana sababu ya ziada ya kuwahi, kwa kuwa saizi anazohitaji huagizwa mara nyingi kutoka Mombasa, umbali wa kilomita 120 hivi. Februari, wakati jua bado linawaka na hakuna anayefikiria matope, ndio mwezi mzuri wa kufanya kazi hii.

Gari la umeme halihitaji tairi za ajabu, ila ni zito, na uzito huo ndio unaoamua karibu kila kitu. Hilux ya milango minne ina uzito wa takribani tani mbili ikiwa tupu, ilhali Ford F-150 Lightning, ambayo ni pikapu ya umeme, huwa na kilo 2,700 hadi 3,100 kutegemea betri iliyowekwa. Zaidi ya uzito, mota ya umeme haingoji kupanda mizunguko kama injini ya dizeli. Hutoa nguvu yake ya kusokota tangu gurudumu linapoanza kusogea. Kwenye lami kavu jambo hilo hufurahisha, lakini kwenye tope jekundu la Magarini dereva akikanyaga kwa pupa atajikuta amechimba mashimo kabla gari halijasonga hatua moja. Kwa sababu hizo hizo tairi za gari hili huisha upesi kuliko za mwenzake wa dizeli.

Alama ya theluji si alama ya mvua

Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hufika yakiwa na tairi za majira ya baridi, zile zenye mchoro wa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji katikati yake. Zikivuliwa huuzwa tena kwa bei nafuu, na mara nyingi nimesikia zikisifiwa kuwa ndizo tairi za mvua kwa sababu ni laini na zina vijikato vyembamba vingi. Sifa hizo ni za kweli, ila hazitufai. Mpira wa tairi hizo umetengenezwa ubaki laini pale ambapo mpira wa kawaida hukakamaa, yaani joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Malindi hata usiku wa Julai, kusi inapovuma, hatuukaribii ubaridi wa namna hiyo. Tairi laini namna hiyo chini ya gari la tani tatu, juu ya lami iliyopigwa na jua mchana kutwa, huisha kama kipande cha sabuni mkononi mwa dobi, na gari huyumba kidogo katika kona kwa kuwa vijikato vile hulegea.

Pamoja na hayo, usiikatae kila tairi yenye mchoro huo. Siku hizi ziko tairi za njia zote, za lami na za vumbi, ambazo zimefaulu jaribio la theluji na kupewa alama hiyo, ingawa mpira wake ni mgumu wa kutosha kwa nchi za joto. Muulize muuzaji kama tairi ni ya majira ya baridi pekee au ni ya njia zote. Herufi M+S zikiwa peke yake zinaeleza tu umbo la kashata, yaani ile sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, kwamba mtengenezaji anaiona inafaa kwa matope na theluji. Hazithibitishi kwamba tairi imejaribiwa.

Soma namba kabla ya bei

Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, kuna namba na herufi, kwa mfano 275/65R18 116T. Wengi huishia kwenye saizi, na hapo ndipo hukosea. Ile 116 ni kipimo cha mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja inaweza kubeba kilo 1,250. 113 ni kilo 1,150, na 121 ni kilo 1,450. Herufi T ni mwendo wa juu wa kilomita 190 kwa saa, jambo ambalo halimhusu anayebeba samaki kutoka Ngomeni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua gari la kilo 3,000 lililopakia watu na mizigo ya kilo 800, jumla kilo 3,800. Ukigawanya kwa nne utapata 950, na utadhani tairi ya kilo 1,000 inatosha. Lakini mzigo wa pikapu hukaa nyuma, na iwapo asilimia 60 ya uzito imeegemea nyuma, basi magurudumu mawili ya nyuma yanabeba kilo 2,280, kila moja kilo 1,140. Tairi ya 113 ingepita kwa kilo 10 tu, na shimo moja barabarani humaliza akiba hiyo. Kwa gari kama hilo ningeanzia 116, na kamwe nisishuke chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, hata muuzaji akiapa.

Kisha tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 0825, tairi ilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2025. Tairi iliyopangwa nje ya duka ikapigwa na jua la pwani miaka minne inaweza kuwa haijawahi kugusa barabara na bado mpira wake umekwisha kuzeeka. Ikunje kashata kwa vidole viwili, na ukiona nyufa ndogo chini ya mifereji, iache hapo ilipo.

Kuhusu kashata, jiulize kwanza gari lako linalala wapi na linakwenda wapi. Anayeendesha kati ya mjini, Gede na Watamu anahitaji tairi ya barabarani yenye mifereji mirefu ya kutolea maji, basi. Anayekwenda Jilore, Langobaya au Marafa anahitaji tairi ya njia zote yenye vipande vya kashata vilivyoachana kiasi. Zile za matope matupu, zenye meno kama ya trekta, siwashauri wengi wazinunue. Zinavuma, na katika gari lisilo na mngurumo wa injini mvumo huo husikika safari nzima. Tena humaliza chaji haraka kwa sababu ni nzito na ngumu kuzungusha. Kutoka hapa hadi Mokowe, mahali ambapo kila gari la Lamu huishia na punda na mashua kushika zamu, ni kilomita 220 hivi, na hakuna anayependa kuanza kuhesabu asilimia za betri akiwa bado hajaiona Witu. Meno hayo yanamfaa tu anayepita kila wiki kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi upande wa Garsen, na hata huyo udongo ukijaa katikati ya meno atateleza kama wenzake.

Kufunga

Tairi nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya, na kwa pikapu ya umeme hatari ya kwanza ni jeki. Mwaka jana nililipeleka gari kwa fundi mmoja hodari, nikamwona kijana wake anasukuma jeki ya chupa chini ya tumbo la gari, mahali ambapo kwa pikapu nyingine angekutana na chuma cha chesi. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo ni betri." Akainama, akamulika kwa simu, akaivuta jeki nje taratibu. "Kumbe tumbo lote hili ni betri, mzee?" Ndiyo, karibu lote, na jeki ikilibonyeza sanduku lake hasara yake itazidi bei ya tairi zote nne. Tafuta katika kitabu cha gari sehemu nne za kuinulia, zipake alama ya rangi nyeupe ukiwa nyumbani, na ubebe kipande cha mpira mgumu cha kuweka juu ya jeki. Jeki nayo iwe ya tani zinazotosha, na isimame juu ya sakafu ngumu. Mchangani weka ubao mpana chini yake. Gari lenye springi za upepo huwa na amri ya kuzima kujiinua kwenye skrini. Iwashe kabla ya kuanza, la sivyo gari litajaribu kujisawazisha likiwa juu ya jeki. Nyaya nene za rangi ya chungwa hazihusiki na kazi hii, na mtu asizishike.

Funga breki ya mkono, weka mawe au vigingi kwenye magurudumu yanayobaki chini, na ulegeze nati zamu moja kabla ya kuinua. Gari likishainuka, weka stendi. Usifanye kazi gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Gurudumu likitoka, angalia uso wa habu, yaani kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula chuma hata ndani ya gereji, na rimu ya alumini hugandana na habu kwa unga mweupe na kutu. Usiipige rimu kwa nyundo ya chuma. Tumia ya mpira, kwa kuzunguka. Kisha sugua habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kwa sababu hata gamba dogo la kutu likibaki, rimu haikai sawa, na baada ya kilomita chache nati hulegea. Paka grisi nyembamba mno kwenye mzingo wa katikati wa habu, lakini usiiguse skrubu wala nati: nati yenye mafuta hukaza kupita kipimo bila fundi kujua.

Kabla tairi ya zamani haijavuliwa kwenye rimu, mwonyeshe fundi ilipo valvu na umweleze kwamba nyuma yake kuna kihisi cha upepo, ili mashine au chuma chake kianze upande mwingine. Kihisi kikivunjika, taa ya onyo itawaka daima. Baadhi ya tairi za magari ya umeme zina sponji iliyogandishwa ndani ya kupunguza kelele. Haina ubaya, ila siku ya pancha lazima ikatwe mahali pa kiraka. Angalia pia mshale wa mwelekeo, au neno linaloonyesha upande wa nje. Tairi ya mvua iliyogeuzwa huyavuta maji ndani badala ya kuyatupa nje.

Zibalansi zote nne. Rudisha nati kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa mtindo wa nyota, nati moja na ile inayoitazama, gari likiwa limegusa chini. Kumalizia tumia spana yenye kipimo, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Bunduki ya upepo ni ya kusogeza nati tu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zipime tena. Kwenda Kilifi pekee ni kama kilomita 60, kwa hiyo spana hiyo ibebwe ndani ya gari tangu siku ya kwanza.

Upepo na mwendo wa siku za mwanzo

Upepo hupimwa asubuhi kabla gari halijatoka, kwa kiwango cha kibandiko cha mlangoni. Kila joto likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka kwa karibu pauni mbili, kwa hiyo ukipima saa nane mchana kituo cha mafuta na kuupunguza, kesho yake utaamka na tairi isiyojaa. Wapo wanaopunguza upepo wakati wa mvua wakidhani tairi pana hushika zaidi. Juu ya lami iliyojaa maji ni kinyume chake, kwani tairi iliyolegea huelea mapema. Kupunguza ni kwa mchanga peke yake, kushuka hadi pauni 20 hivi kwa mwendo wa polepole, na pampu ndogo ya betri iwe tayari kuurudisha mara unapopata lami.

Tairi mpya huwa na utando unaoteleza, basi zipe kilomita 300 za upole. Kwenye matope shusha pia ile breki ya mota inayorudisha chaji, kwa sababu ukiinua mguu ghafla gurudumu linaweza kukwama kuzunguka na mkia wa gari ukavuka njia. Kila kilomita 8,000 hamisha tairi za nyuma mbele, na upime kina cha mifereji. Vijiti vidogo vilivyomo ndani yake huonyesha milimita 1.6, lakini gari zito kama hili nisingelipeleka tena kwenye mvua likiwa na chini ya milimita 3. Mwisho, fungua mahali pa spea ukajionee: baadhi ya pikapu za umeme huja bila spea kabisa, na jambo hilo ni afadhali ulijue ukiwa uani kwako kuliko usiku wa mvua ng'ambo ya daraja la Sabaki.