Unaenda misheni nje ya nchi? Soma hii kabla hujakata tiketi

Watu wakisikia safari ya misheni kitu cha kwanza wanawaza tisheti za kundi, mi nakwambia anza na mchungaji wa kule mnakokwenda. Mpigie, muulize kanisa lake lina uhitaji gani, alafu nyamaza umsikilize. Akisema anatafuta mtu wa kuwafundisha vijana kompyuta basi msipange watu kibao wa kwenda kupaka rangi ukuta, huo ukuta fundi wa palepale angeupaka vizuri kuwashinda na angepata riziki yake.

Ukishajua kazi ndo unageukia viza, na hapa wengi wanakwama. Nchi nyingi zinahesabu kujitolea kama kazi hata kama hulipwi hata senti, kwa hiyo viza ya utalii inaweza isifae kabisa. Uliza ubalozini kuhusu viza ya kujitolea au ya shughuli za dini, na kanisa mwenyeji liwaandikie barua ya mwaliko yenye tarehe, kazi mtakayofanya na mahali mtakapolala. Kila mtu atembee na nakala yake, maana afisa wa uhamiaji akikuuliza umekuja kufanya nini hutajifanya mtalii huku begi limejaa Biblia. Na ulizieni mapema, kuna nchi kuhubiri hadharani ni kosa la jinai.

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele, nchi nyingi zinataka hivyo. Chanjo ya homa ya manjano usiiache hadi wiki ya safari, cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Ukiwa na ile kadi ya njano ya zamani imeandikwa miaka 10 usihangaike kuchoma tena, tangu 2016 inahesabika ya maisha. Dawa za kukinga malaria nazo, zingine unaendelea kumeza wiki 4 baada ya kurudi, na watu wanaacha wakishatua tu nyumbani eti wamemaliza safari. Daktari au nesi ujue leseni ya kwenu haivuki mpaka, omba kibali cha muda cha nchi ile la sivyo usiguse mgonjwa.

Sasa watoto. Hapa sina utani. Ratiba ikiwa na kutembelea kituo cha yatima kwa siku mbili za kucheza na kupiga picha, mi naomba iondolewe. Watoto wengi kwenye vituo hivyo wana mzazi aliye hai, na kila kundi likija wanazoea watu alafu wanaachwa. Bora msaidie familia kupitia kanisa ili mtoto alelewe kwao. Picha ya mtoto usipige bila ruhusa ya mzazi, ya kupost ndo kabisa.

Hela za msaada zipitie kamati ya kanisa na mpewe risiti, msimshikishe mtu mmoja mkononi hata kama ni mchungaji mwenyewe.