Kabla hujalaumu baridi ya Nakuru: vile utajua ni nini kinasumbua viungo vya watu wa boma lenu

Hapa Nakuru goti likiuma ni baridi, mgongo ukikaza ni baridi, kidole kikivimba pia ni baridi. Baridi iko, sikatai, lakini kazi yake ni kufanya maumivu yaskike zaidi, si yenyewe inakula mfupa. Ukitaka kujua ukweli anza na daftari.

Chukua ile ya mtoto, ya mistari, uzungukie watu wa boma na majirani wawili watatu kama mnaelewana. Andika miaka, panauma wapi, panauma saa ngapi, amefanya kazi gani maisha yake yote, na alikuwa anakunywa maji gani akiwa mdogo. Hilo la maji watu watacheka, wewe uliza tu.

Saa ndio huongea kwanza. Akikwambia goti linauma akipanda mlima ama akitoka shamba, akiketi linatulia, na asubuhi linakaza dakika kumi hivi halafu linaachilia, hapo ni gegedu limelika, ule mpira wa kati ya mifupa. Hiyo ni ya umri, uzito, na magoti yaliyowahi kuumia (mwandike mtu wa boda aliyeanguka juzi juzi, hilo goti linaweza kumrudia baadaye). Wamama waliopita miaka 50 ndio watajaza ukurasa. Lakini kama ni vidole vya mikono yote miwili, vimevimba, na asubuhi inapita saa nzima kabla aweze kushika mwiko, hiyo ni baridi yabisi, na hilo jina ndio limetuharibia kabisa kwa sababu hailetwi na baridi, ni kinga ya mwili imegeukia viungo vyake yenyewe. Hushika wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume na inaweza kuanza hata mtu akiwa na miaka 30. Huyu usimwambie avumilie, apelekwe mapema kabla vidole havijapinda.

Halafu wazee. Usiku wa manane kidole kikubwa cha mguu kinawaka moto, hata shuka ikigusa anapiga nduru. Jongo hiyo. Uliza nyama, maini na bia, ndio, lakini uliza pia kama anameza zile tembe za presha za kukojoza, ju hizo hupandisha asidi ya yuriki kwa damu, ile inaganda kwa kiungo na kuleta jongo. Asiziache kivyake, aulize daktari kama zinaweza kubadilishwa.

Sasa maji. Kuna shosho jirani yetu, ukimwita kwa nyuma hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama mtu amebeba mtungi kichwani. Akicheka unaona meno ya kahawia. Amekulia upande wa Njoro, maji ya kisima tangu utotoni. Huku Bonde la Ufa mawe ni ya volkeno na maji mengi ya chini yamebeba floraidi, madini yanayotoka kwa hayo mawe, pengine kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) linaweka kama mwisho. Kwa mtoto inachafua meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Ikiendelea miaka na miaka inaingia kwa mifupa, kano zinageuka ngumu, mgongo na shingo vinakataa kukunjika. Kwa hivyo ukiona kwa daftari watu wa kisima kimoja wana meno ya kahawia na migongo imekaza, wakubwa kwa wadogo, wacha kutafuta dawa ya kuchua, peleka maji yapimwe. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki pale pale, unazidi kuikoleza. Kinachosaidia ni maji ya mvua, ama chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hiyo mifupa inabadilishwa ikichoka, usiiwache mle miaka.

Kama mko na watu wa Kisumu, Siaya ama Busia, ongeza swali la damu. Kijana wa miaka 20 anachechemea nyonga ikimuuma, huo si uzee. Siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko nyingi upande wa ziwa kwa sababu mwenye kubeba nusu yake malaria haimwezi sana, lakini mwenye kuirithi kwa baba na mama damu inaweza kukosa kufika kichwa cha mfupa wa paja, na kinakufa polepole. Kwa mtoto mdogo huanza na viganja na miguu kuvimba. Apimwe damu.

Kiungo kimoja kikiwa cha moto na mtu ana homa, funga daftari, hospitali siku hiyo hiyo. Mgongo unaouma miezi, anatoka jasho usiku na anakonda, taja TB mbele ya daktari.

Shosho tulimletea mtungi wa maji ya mvua. Anayatumia kuosha vyombo, chai bado anapika na ya kisima, anasema ya mvua haina ladha.