Somo: Kulinda mizinga jirani anapopiga dawa shambani

Wafugaji wenzangu, alizeti zimeanza kutoa maua huku Singida na mabomba ya dawa yameshatoka stoo. Msimu mmoja nilifika manzukini, pale ninapoweka mizinga, saa nne asubuhi, nikakuta nyuki wametapakaa chini ya mizinga sita kama mchele uliomwagika. Waliokuwa hai walitetemeka na kuzunguka palepale, ulimi nje. Jirani alikuwa amepulizia matikiti yake asubuhi hiyohiyo. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumweleza, na mimi ndiye niliyepaswa kumweleza.

1. Zijue dawa. Dawa za wadudu kama cypermethrin na lambda-cyhalothrin hushambulia neva za nyuki zinapomgusa, na maiti utaziona. Zinazonitisha zaidi ni imidacloprid na wenzake. Mmea huzinyonya zikaingia hadi kwenye chavua na mbochi (maji matamu ya ua), hata kama ni mbegu tu iliyopakwa dawa. Nyuki akipata kidogo hafi papo hapo, bali hupotea njia ya kurudi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za kundi hili kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018.

Hapa wengi tunakosea: mzinga ukipungukiwa nyuki tunasema wamehama. Fungua uangalie. Kundi lililohama huondoka na malkia wake na kubeba asali linayoweza. Ukikuta malkia yupo, majana (watoto wa nyuki) yapo, asali ipo, ila nyuki vibarua ni wachache mno, shuku sumu.

2. Zunguka kwa majirani kabla ya maua. Nyuki huenda kilomita 3 na hata zaidi, kwa hiyo usiishie kwa jirani wa mpakani. Mimi huenda na chupa ya asali, naacha namba ya simu, naomba nijulishwe siku moja kabla.

3. Kubalianeni dawa ipigwe jioni. Maua ya matikiti, maboga na matango hufunguka asubuhi na kujifunga baadaye mchana. Alizeti hubaki wazi, basi subirini jua lizame na nyuki warudi. Mwombe pia aepuke dawa ya unga: hunasa kwenye manyoya ya nyuki, ikabebwa pamoja na chavua hadi ndani, majana yakalishwa.

4. Weka maji safi karibu na manzuki, yenye vijiti vya kutua, wasiende kunywa kwenye mifereji ya shamba.

5. Akishikilia kupiga asubuhi, hamisha mizinga usiku, mbali zaidi ya kilomita 3. Ukishindwa, ifunike kwa magunia mabichi kabla ya mapambazuko, uyamwagie maji kila mara na uyatoe siku hiyohiyo. Usizibe milango ukaondoka. Joto litawaua na masega yatayeyuka.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo mzee. Mzinga uliopata dawa, asali yake inaliwa?

Marahaba mwanangu. Mimi siilini msimu huo, wala siiuzi. Masega yenye chavua nayatoa nayafukia, kwa sababu sumu hukaa kwenye chavua na nta.

Kaka, mimi natumia mwarobaini. Bado nisubiri jioni?

Ndiyo, subiri. Kwa nyuki wakubwa una nafuu, lakini majana yanaweza kudhurika.

Bwana shamba katuambia tuchanganye dawa ya wadudu na ya ukungu ili tupulizie mara moja. Kuna shida?

Ipo, dada. Baadhi ya dawa za ukungu huudhoofisha uwezo wa mwili wa nyuki kuivunja sumu, hivyo kipimo ambacho angekihimili kikamuua. Mwonyeshe lebo zote mbili, na umwombe mpige kila moja kwa siku yake.

Jirani yangu anasema nyuki ni wangu, mazao ni yake. Nimwambieje?

Mpeleke asubuhi kwenye matikiti yake. Mwonyeshe ua jike, lenye kitunda kidogo chini yake, kisha msubiri pamoja nyuki atue. Kitunda kisipofikiwa na chavua hukauka na kudondoka. Wangu alielewa palepale shambani, na sasa hunipigia simu yeye.