Muhula mmoja Leipzig: tafuta chumba kabla ya tiketi

Muhula wa baridi katika vyuo vikuu vya Ujerumani huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha 31 Machi, ingawa vipindi vyenyewe huanza karibu katikati ya Oktoba. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi anayekwenda Leipzig kwa muhula huo aanze maandalizi Mei, au mara tu barua ya udahili inapofika.

Kule karatasi moja huzaa nyingine, na mama yao ni anwani. Usipokuwa na anwani huwezi kujiandikisha manispaa. Usipojiandikisha, benki nyingi zitasita kukufungulia akaunti. Na bila akaunti, pesa zako za kila mwezi hazina pa kuingia.

Omba hosteli ya Studentenwerk Leipzig, shirika la huduma za wanafunzi, siku hiyo hiyo unayopata barua ya udahili, maana foleni ni ndefu. Ukipanga mtaani, dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji. Anayedai yuko nje ya nchi na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa ni tapeli. Usimtumie hata senti. Kabla ya kusaini, muulize mwenye nyumba kama atakupa Wohnungsgeberbestätigung, fomu yake ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Wapo wanaopangisha kwa siri na wanaikataa, na bila fomu hiyo chumba hicho hakikusaidii. Sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia ili ujiandikishe. Oktoba miadi ya Bürgerbüro, ofisi ya manispaa unakojiandikisha, hujaa, kwa hiyo ishike mtandaoni ukiwa bado nyumbani, na utunze uthibitisho wake.

Upande wa pesa, ubalozi unataka uthibitisho wa euro 992 kwa mwezi, kiwango kilichoanza Septemba 2024. Kihakiki tena kabla ya kutuma. Miezi sita ni euro 5,952. Kama ufadhili wako ni mdogo kuliko hapo, utaonyesha tofauti tu. Njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti inayozuia pesa zako na kuachia fungu moja kila mwezi. Wengi hukwama kwa sababu hutuma kiasi kile kile kilichotajwa, benki za njiani zikakata ada, salio likapungua euro 20 na cheti cha kuthibitisha akaunti kisitoke. Mwambie mhudumu wa benki kwamba mtumaji analipa makato yote, kisha ongeza kama euro 100 juu ya ada ya kufungua akaunti. Jina la mtumaji na la pasipoti yalingane herufi kwa herufi.

Viza unayohitaji ni ya kitaifa, aina D, ada euro 75. Usishawishike kuingia na viza ya muda mfupi ya Schengen, ya siku 90, ukidhani utaibadilisha ukifika. Utarudishwa kuomba upya nyumbani. Omba viza yako ifunike muhula wote, ili usianze kupanga foleni ya kibali cha ukaaji. Faili linaweza kupelekwa mpaka ofisi ya wageni ya Leipzig, ndiyo maana wiki hugeuka miezi.

Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 inazidi kidogo euro 140 kwa mwezi, na kwa kawaida huanza na muhula. Ukifika Septemba, nunua bima ya safari kwa siku za katikati. Na hili tafadhali lizingatie: ukipata homa katika miezi ya mwanzo, mwambie daktari umetoka eneo lenye malaria na uombe kipimo. Daktari wa kule huona mafua kila siku na malaria kwa nadra, na kuchelewa kunaweza kuua.

Mizigo isikusumbue sana. Umeme ni volti 230 kama kwetu, ila plagi ya miguu mitatu haiingii: beba adapta moja na ekstensheni yako, vyote vichomeke hapo. Nyama kavu, maziwa na samli ni marufuku kuingiza. Embe na chungwa huhitaji cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende hazihitaji cheti hicho. Unga na viungo vya pilau beba. Koti zito nunua kule.

Ratiba ikisema 10 c.t., kipindi kinaanza 10:15, yaani saa nne na robo asubuhi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na pengo la saa kati ya kule na Afrika Mashariki linakuwa saa mbili badala ya moja. Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni. Toka nje mchana, hata kwa nusu saa.

Masomo yachague ukiwa na akiba. Mzigo kamili ni krediti 30 za Ulaya, lakini kozi nyingine hufundishwa muhula wa kiangazi tu, au kwa Kijerumani. Orodhesha kozi mbili au tatu za ziada na uzipitishe zote kwa maandishi idarani kwako, usije ukarudi na alama zisizohamishika. Mitihani mingi ni Februari na matokeo hukawia, kwa hiyo acha barua pepe inayofanya kazi kwa anayeshughulikia wageni. Wiki ya mwisho jifute manispaa upewe cheti, na kwa cheti hicho funga michango ya utangazaji, yaani ada ya lazima ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, la sivyo madai yataendelea kuja.