Kufungia yurease ndani ya fuwele za ZIF-8

Kaskazi ikishika Unguja na umeme ukakatika mchana, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vya kwenye friji ya maabara ndivyo vinavyoanza kuharibika. Dawa mojawapo ni kuvifungia. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walionesha kwamba protini yenyewe huchochea fuwele za ZIF-8 (wavu wenye vitundu, wa zinki iliyoungwa na 2-methilimidazoli) ziote kuizunguka, majini, bila kuchemsha kitu.

Mimi huanzia na yurease, kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia, kwa sababu kazi yake inaonekana kwa macho. Mbaazi pia zinayo, lakini ziache kwanza: maji yake huwa na fosfeti, na fosfeti huvunja ZIF-8. Nunua ya unga, iliyosafishwa.

1. Yeyusha miligramu 263 za 2-methilimidazoli katika mililita 20 za maji yaliyokenekwa. Ya bomba usiyaguse, yamejaa chokaa ya mawe yetu ya matumbawe. Tia miligramu 40 za yurease, koroga polepole isitoe povu.

2. Chombo cha pili: miligramu 176 za zinki asetati dihidrati, maji mililita 20.

3. Mimina cha pili ndani ya cha kwanza. Mchanganyiko utakuwa mweupe kama tui. Uache hadi kesho yake.

4. Tia kwenye sentrifuji, mizunguko 6,000 kwa dakika, dakika 10. Osha kwa maji, kisha ethanoli, halafu kausha bila moto.

Usidhani kimeng'enya kimeingia kwenye vitundu vya fuwele. Milango yake ina upana wa nanomita 0.34 tu, yurea hupenya, yurease haipiti. Fuwele ndiyo iliyoota juu yake.

5. Jaribu kwa yurea na fenoli nyekundu, rangi inayogeuka maji yakiwa ya besi. Amonia ikitoka, manjano hugeuka waridi. Hapa ndipo watu wanaposhangilia mapema! Methilimidazoli ni besi, mabaki yake peke yake yanageuza rangi. Kwa hiyo tengeneza pia ZIF-8 tupu, isiyo na yurease, uiweke pembeni. Nayo ikiwa waridi kwa kasi ileile, rudi ukaoshe.

6. Bado kuna yurease iliyonata nje tu, nayo hufanya kazi vizuri ikikuhadaa. Weka sampuli mbili, iliyofungiwa na iliyo huru, kwenye maji ya nyuzi 80 kwa nusu saa, zipoe, kisha rudia hatua ya 5. Iliyofungiwa ikibadili rangi upesi kuliko iliyo huru, kazi imekubali.