Mwombe akushike wewe kwanza

Nasuka nywele hapa Mwanga, Kigoma, huu mwaka wa 19. Aliyenifundisha haya ya kumgusa mtu mpweke ni bibi mmoja wa Ujiji aliyekuwa akipanda bajaji kuja kwangu kila baada ya majuma mawili. Akivua mtandio, kichwani kuna nywele chache, fupi, nyeupe. Mistari sita, kazi imekwisha. Siku moja nikamwambia, "Bibi, hizi bado hazijachakaa. Kaa nazo wiki nyingine, hela yako ikununulie dagaa." Akanijibu kwa sauti ndogo: "Fumua tu, mwanangu. Usuke upya. Na usiharakishe."

Nikaanza kumchana. Mabega yake yakashuka taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa ndoo ya maji. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa halipii mistari. Mumewe alishafariki, watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, na kwa majuma mawili mazima hakuguswa na mikono mingine isipokuwa hii yangu.

Kama una mtu wa namna hiyo, awe mama, shangazi, baba mkwe au jirani, usianze kwa kumkumbatia. Hili nililijua kwa uchungu. Baba alipofariki kule Kasulu, siku zote za matanga mama alikuwa mikononi mwa watu. Huyu kamshika bega, yule kamlaza mapajani, usiku wanawake wamelala naye chini mikekani. Baada ya arobaini kila mtu akarudi kwake, nami nikarudi kwangu. Nilimpigia simu kila jioni, nikamtumia hela, nikaona nimetimiza. Ikapita miezi minane. Nilipofika mlangoni nikamkumbatia kwa nguvu, naye akawa mkavu kama ubao, mikono inaning'inia. Mwili uliokaa muda mrefu bila kuguswa hujifunga, na ukiuvamia unajifunga zaidi.

Kesho yake nikatandika mkeka barazani, nikakaa chini katikati ya magoti yake. "Mama, nisuke." Akasingizia macho, akasema msusi ni mimi, si yeye. Sikubishana, nikakilaza kichwa pajani pake. Kidogo kidogo vidole vikaanza kutafuta njia kwenye nywele. Akanisuka twende kilioni, mtindo ambao mikono yake haijausahau, na tulipofika mstari wa tatu akaanza kunisimulia usiku wa mwisho wa baba. Kwenye simu hakuwahi hata kuukaribia.

Kwa hiyo anza hapo: mwombe yeye akushike. Mtu mpweke amechoka kuonewa huruma, na ukimwomba kazi ya mikono yake unampa heshima kabla ya kumpa faraja. Kama hajui kusuka, mpe mtoto amwogeshe. Mpe mgongo akupake mafuta pale usipofika. Mwombe akutoe mwiba. Zamu yako ya kumgusa itakuja yenyewe, wala usiilazimishe ije siku hiyohiyo.

Ikija, ingia nayo kwa kazi. Kucha za miguu nazipenda kuliko kazi zote, kwa sababu wazee wengi hawawezi tena kuinama kuzifikia na wanaona aibu kusema. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, miguu ikae humo mpaka kucha zilainike, kisha kata, kausha vizuri katikati ya vidole, halafu mafuta. Mimi hutumia mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Kwenye kupaka ndipo watu wanapoharibu: wanapaka mbiombio kama wanamwahisha mtoto shule. Ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za neva zinazopenda mwendo wa pole. Wanasayansi waliozipima walikuta zinaitika vizuri zaidi mkono ukipita kama sentimita 3 kwa sekunde, tena mkono wenye joto la kawaida la ngozi. Ukitoka kifundo cha mkono kwenda kiwiko, hesabu moja hadi nane. Na usugue viganja vyako kwanza vipate moto.

Sisi wa Kigoma tuna walimu jirani kabisa. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, aliwaona wakikaa muda mrefu wakichambuana manyoya, na sokwe aliyeingiwa na hofu akitulia kwa kuguswa tu na mwenzake. Nikiwa na kichwa cha mtu mikononi huwa nawakumbuka.

Omba ruhusa kwa maneno, kila mara: "Nikushike mguu?" Kisha yatazame mabega. Yakishuka, endelea. Yakipanda, au pumzi ikikatika, toa mkono, muendelee na maongezi kana kwamba hakuna kitu. Kuna watu waliowahi kuumizwa na mikono ya wengine, nao hawatakusimulia. Mwanamke wa Kiislamu anayeishika dini yake hataki kuguswa na mwanamume asiye maharimu wake, basi mtafute binti. Mwenye njia fupi kuliko wote ni mjukuu, maana kwa utani wake na babu hata ndevu ana ruhusa ya kuvuta.

Upweke wa wanaume ndio unaonitia hofu. Wazee wa hapa wakikutana hawaachiani mikono mpaka habari za nyumbani, za shamba na za ziwani ziishe zote. Lakini tangu ile korona ya 2020, tulipokuwa tukisalimiana kwa viwiko na miguu, naona vijana wengi wamebaki na gota. Mzee aliyefiwa na mkewe usimpe gota. Mpe mkono, na usiuache mpaka auache yeye.

Na kama mpweke ni wewe mwenyewe, nenda kwa msusi au kinyozi useme kama bibi yule, "usiharakishe." Mwambie jirani mwenye kichanga, "Nikushikie mtoto, ufue." Hakuna atakayekuuliza sababu.

Jambo la mwisho, ambalo karibu nilisahau nilipoondoka Kasulu: kabla hujarudi kwako, mtafutie mtu wa kushika zamu. Mimi niliongea na mama mmoja wa jirani, na sasa binti yake wa darasa la tano huja kwa mama kila Jumapili asukwe bure. Jumapili iliyopita nilipiga simu mara tatu haikupokelewa, roho ikanidunda. Ya nne mama akapokea. "Huyu mtoto nywele zake ngumu kweli," akasema. "Tumeanza saa nane, ndiyo tunamaliza sasa hivi, giza limeingia. Kalala hapa pajani."